Jezi Inayofika Magotini

Mpira wa kwanza ulipomfikia, aliangushwa. Wa pili, akaangushwa tena. Wa tatu aliuona ukija, akausubiri amekunja uso kama mtoto anayengoja sindano. Ni winga wetu wa kulia, ana miaka 12, jezi inamfika magotini na shingo ya jezi yenyewe ni pana hadi bega moja hubaki nje. Beki aliyemkaba alikuwa na masharubu yanayoanza kutokeza na mapaja ya mtu anayebeba magunia soko la Gikomba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mashindano ya vijana wasiozidi miaka 13, uwanja wa vumbi huku Eastlands, Nairobi. Kando ya uwanja watu wakapiga ile kelele tunayoijua sote: "Huyo ana watoto nyumbani!"

Dakika ya kumi na tano mama yake akanijia. "Mwalimu, mtoe tu. Ataniumizia mtoto." Mwenzangu ninayefundisha naye alikuwa amekwisha kumwita mchezaji wa akiba, kijana mrefu ambaye bado hajui kutuliza mpira. "Kocha, tuingize nguvu," akaniambia.

Tuingize nguvu. Nimeyasikia maneno hayo kwenye viwanja vya Kangemi, Kayole, Dandora na Kibera, na mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi. Miaka yangu ya kwanza ya ukocha nilimwacha nje ya timu kijana wa miaka 13 kwa sababu hiyo moja tu, kwamba alikuwa mdogo. Hakurudi mazoezini. Siku hizi anapiga debe steji ya matatu karibu na kwetu, hunisalimia kwa heshima, na ni mrefu kunishinda. Kila nikimwona najua nilimkosea.

Na hilo la urefu ndilo kiini cha jambo lote. Wavulana hawarefuki kwa pamoja. Kwa wastani kasi ya kurefuka hufikia kilele karibu na miaka 13 na nusu au 14, lakini wapo wanaoanza mapema zaidi, na wapo wanaongoja hadi miaka 15 au 16. Katika mwaka huo wa kilele mvulana anaweza kuongeza sentimita nane hadi kumi, halafu misuli ikafuata. Ukiwapanga mstari wavulana 20 wa miaka 13, wote wenye vyeti halali vya kuzaliwa, utakuta humo miili ya miaka 11 na miili ya miaka 15. Hakuna aliyedanganya. Aliyetangulia kubalehe ametangulia tu, na wenzake wako njiani. Lakini sisi tunamtazama akiwakimbia wenzake Jumamosi moja, tunasema ana kipaji, tunampa namba, tunampeleka kwenye majaribio ya akademia. Yule mwingine tunamwambia aende nyumbani ale ugali.

Tarehe ya kuzaliwa huongeza uzito juu ya uzito. Mashindano ya umri huhesabu kuanzia Januari 1, kama yanavyofanya ya FIFA, kwa hiyo mtoto wa Januari na wa Desemba huwekwa kapu moja. Kwa mtoto wa miaka 10, miezi 11 ni karibu sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote. Jambo hili lilionekana kwanza Canada miaka ya 1980 kwenye hoki ya barafuni, kisha likaonekana katika akademia za soka nchi nyingi: waliozaliwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka wamejaa, wa miezi mitatu ya mwisho ni wa kutafuta.

Najua msomaji wa Nairobi ameshaanza kunijibu kwamba wale wakubwa ni wazee waliopunguza miaka. Wapo, sikatai. FIFA yenyewe ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha ukomavu wa mifupa, kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu ya udanganyifu huo. Ligi ya mtaa haina mashine ya namna hiyo, ina cheti cha kuzaliwa na rekodi za shule, na waandaaji wanapaswa kuvikagua kwa bidii kuliko wanavyofanya sasa. Ila tuwaondoe wadanganyifu wote kesho asubuhi, na bado winga wangu atakutana na masharubu halali. Hizi ni shida mbili. Tumekuwa tukiitumia ya kwanza kama kisingizio cha kutoigusa ya pili.

Kisingizio kingine ni Messi. Kila ninapozungumzia watoto wadogo, kuna mtu atanitajia Messi, kana kwamba hoja imekwisha: mbona yeye mdogo na amefika? Messi alikuwa na upungufu wa homoni za kukua, na alipohamia Barcelona akiwa na miaka 13 klabu ilikubali kumlipia matibabu. Ukitaka mfano ulio karibu na hali yetu, mtazame Luka Modrić wa Croatia, ambaye klabu ya Hajduk Split ilimkataa utotoni wakimwona mdogo na dhaifu. Mwaka 2018 alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Au Jamie Vardy, aliyeachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa sababu ya umbo lake, akacheza ligi za chini hadi akawa bingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016. Hadithi hizi hutufurahisha, lakini zinatuficha jambo. Tunawajua hawa wawili kwa sababu walipata mahali pengine pa kuendelea kucheza. Wale ambao hawakupata hatuna majina yao, na huku kwetu mahali pengine ni pachache.

Wengine huniambia Ulaya inataka mwili, waangalie Wakenya wetu waliocheza huko, Victor Wanyama na Michael Olunga. Sawa. Lakini hiyo ni miili ya watu wazima, na hakuna kocha duniani anayeuona mwili wa mtu mzima ndani ya mtoto wa miaka 12 kwa kumtazama tu.

Simlaumu kocha peke yake. Kocha wa mtaa hana mshahara. Kombe moja, seti moja ya jezi, mbuzi wa mheshimiwa wakati wa likizo ya Desemba, hivyo ndivyo vinavyomfanya ajulikane, na akijulikana huenda shule fulani ikamwita. Mashindano yenyewe huchezwa siku mbili kwa mtoano: ukifungwa unakwenda nyumbani. Katika mpangilio huo, kumchezesha mtoto ambaye atakomaa baada ya miaka mitatu ni hasara tupu kwake. Mfumo wenyewe unamlipa kwa kuingiza nguvu.

Na uwanja unamsaidia mwenye nguvu. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu ni jambo rahisi kurekebisha na haturekebishi. Lango la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mlinda lango wa miaka 11 mwenye sentimita 140, hata akiruka, mwamba wa juu haufikii. Basi timu yenye mtoto mmoja mwenye mguu mzito haihitaji kujua kitu kingine. Anapiga kutoka katikati ya uwanja, juu ya kichwa cha kipa, watu wanashangilia bao kali. Nimeona fainali tatu zikiamuliwa hivyo. Mpira nao ni namba tano, kwa sababu ndio uliotolewa na mfadhili, wakati watoto wa umri huo wanafaa kucheza namba nne, wenye mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito mdogo kidogo. Uwanja ni wa kumi na moja kwa kumi na moja, kwa hiyo mwenye hatua ndefu hushinda kila mbio. Huko Uingereza mtoto wa miaka 10 hachezi kumi na moja. Huanza na timu ndogo, akapanda saba, kisha tisa, na lango linakua pamoja naye. Sisi tunahitaji mawe manne na kamba kuugawa uwanja mmoja kuwa viwili. Tukiugawa, mchezaji mdogo anagusa mpira mara nyingi zaidi, mbio zinakuwa fupi, na anayefikiri haraka anaanza kuonekana.

Sasa, kwa yule ambaye tayari yuko uwanjani na amekabiliwa na jitu, tumfundishe nini? Mtoto mdogo hawezi kushinda kila mgongano, kwa hiyo kazi ya kocha ni kumpunguzia idadi ya migongano. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla mpira haujamfikia.

Mtazame mtoto wa kawaida mpira unapomjia. Macho yamegandia mpira. Beki naye anakuja kutoka nyuma au ubavuni, na pigo linamkuta hajui hata limetoka wapi. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwafuatilia kwa kamera wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu mara wanazogeuza kichwa kabla ya kupokea mpira, na waliogeuka mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi. Xavi, kiungo wa zamani wa Barcelona mwenye mita 1.70, alikuwa akigeuza kichwa kama ndege aliye juu ya waya. Zoezi letu ni hili: nasimama nyuma ya mtoto, mwenzake anampigia pasi, na mpira ukiwa njiani nainua vidole. Lazima ageuke, ataje idadi kwa sauti, ndipo aupokee. Wiki ya kwanza wanabahatisha, na mpira unawapita katikati ya miguu. Wiki ya nne kuna mtoto atakayetaja vidole na kukwambia pia kwamba mwalimu, kamba ya kiatu chako imefunguka.

Baada ya macho, mguso wa kwanza. Mpira unaosimama chini ya mguu wa mtoto mdogo ni mwaliko wa kugongwa. Tunawafundisha mguso unaoondoka: mpira unapogusa mguu uwe tayari unakwenda upande ambao beki hayupo, nao wanaufuata. Viwanja vyetu vina mashimo na mpira hurukaruka, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei ule udongo mweusi wa Eastlands hushika kiatu na mpira pia. Siku kama hizo tunakwenda kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa vikapu. Zamani tulikuwa na mpira wa juala, uliofungwa kwa karatasi za plastiki na kamba, mdogo, usioruka, ambao haukuthamini mwili wa mtu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 watoto hutumia matambara na magunia, na ni vyema, mradi wacheze kitu kidogo mahali padogo. Kwenye uwanja wa hatua kumi na tano mtu mwenye mwili hana nafasi ya kupata kasi.

Kisha mwili wenyewe, maana udogo nao una faida zake. Aliye mfupi uzito wake uko chini. Akikunja magoti na kusimama kiubavu, mkono mmoja ukiwa umetangulia kumhisi anayekuja, si rahisi kumng'oa. Siri ni kuwahi. Amguse mkubwa bega kwa bega kabla mkubwa hajapata mwendo, kisha aondoke. Akingoja agongwe ameshachelewa. Watoto hulielewa hili haraka ukiwaonyesha, kwa hiyo mimi hujitoa niwe jitu la mazoezi: nakuja kwa kasi, nao wanajifunza kuingia chini ya kwapa langu na mpira wao.

Wafundishwe na sheria. Sheria ya 12 inaruhusu kugusana bega kwa bega mpira ukiwa karibu kiasi cha kuchezwa, na inamruhusu mwenye mpira kuukinga kwa mwili wake. Hairuhusu kumrukia mtu, kumsukuma, wala kumwendea kwa uzembe au kwa nguvu iliyopita kiasi. Marefa wengi wa mtaani wakimwona mdogo ameanguka husema, "Amka, huu ni mpira wa wanaume." Nahodha wangu ana ruhusa ya kumwendea refa, mikono nyuma, na kumuuliza kwa adabu kama ule mkono ulikuwa bega. Wakati mwingine husaidia.

Mambo mengine ni madogo, nayataja tu. Kona fupi badala ya ile ya kupigwa juu ya vichwa. Mipira ya kurusha irushwe haraka, kwa sababu hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha. Na mtoto mdogo asisukumwe pembeni kila siku kwa mazoea. Ampe kocha nafasi ya kumwona akiwa katikati, ambako kuna pa kutazama na pa kupasia.

Jumamosi ile sikumtoa. Mapumziko nilimhamisha nyuma ya mshambuliaji na nikampa agizo moja, ageuze kichwa kabla. Dakika kama tano baada ya kuanza kipindi cha pili pasi ilimjia mgongo ukiwa kwa lango, na yule mwenye masharubu alikuwa ameshaondoka mbio kuja kumzoa. Nilimwona mtoto akichungulia begani. Akaugusa mpira mara moja, kwa upande wa nje wa mguu, kwenda kushoto, na beki akapita na upepo wake hadi akaweka mkono chini asianguke. Uwanja mzima ulicheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Tulifungwa 2-0.

Nataka kusema jambo kuhusu yule beki pia, kwa sababu naye anaibiwa. Hakuna mtu atakayemfundisha kutazama wala kupiga pasi wakati nguvu inatosha kushinda. Miaka mitatu baadaye wenzake watakuwa wamemfikia, na atagundua hana kitu kingine mfukoni. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 2015 kujaribu mechi ambazo wavulana wa akademia hupangwa kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Waliowahi kukomaa walisema kazi imekuwa ngumu, imewabidi wafikirie. Waliochelewa walisema kwa mara ya kwanza wamepata nafasi ya kuongoza. Ubelgiji nayo imekuwa na vikosi vya vijana waliochelewa kukomaa, ili wasipotee kabla ya miili yao kufika.

Kwa wasichana saa yenyewe ni nyingine. Kilele chao cha kurefuka huja mapema kwa takriban miaka miwili, kwa hiyo msichana wa miaka 11 mara nyingi humzidi mvulana wa darasa lake, na hakuna sababu ya kumtoa kwenye mazoezi ya mchanganyiko wakati huo. Tuliona mwaka 2024 Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, wakiwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA, kule Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1. Wengi wa wasichana kama hao hujifunza mpira kwa kukabana na wavulana wa mtaa.

Kuhusu chakula: maharagwe, mayai, maziwa na usingizi ni haki ya mtoto awe mchezaji asiwe. Unga wa kuongeza misuli unaouzwa kwenye gym za mtaani mtoto wa miaka 13 hauhitaji, na mzazi asidanganywe. Kurefuka hakuharakishwi kwa pesa.

Kinachowezekana bila pesa ni kubadilisha kile tunachokituza. Hapa Nairobi tuna mfano wetu wenyewe. MYSA, shirika la michezo la vijana, ilianzishwa Mathare mwaka 1987, na ligi yake ilizipa timu pointi kwa kusafisha mitaa, pointi halisi zilizoingia kwenye jedwali pamoja na za ushindi. Watoto walizoa taka kwa sababu taka zilikuwa na pointi. Kama jedwali la ligi liliweza kusafisha mitaro ya Mathare, linaweza kumfanya kocha amchezeshe mtoto mdogo. Timu inayompa kila mtoto aliyesajiliwa angalau nusu ya mechi ipate pointi moja ya ziada. Mashindano ya chini ya miaka 13 yaache mtoano wa siku mbili, kila timu icheze mechi nne au tano hata ikifungwa. Malango yapunguzwe. Na mara moja kwa muhula, mitaa jirani iwapange watoto kwa kimo kwa siku moja tu, wakubwa kwa wakubwa na wadogo kwa wadogo, ili makocha waone wanachokosa kukiona.

Sisi tumeanza na ukuta. Kwenye kontena tunamohifadhi mipira tumechora alama za urefu wa kila mtoto, na tunawapima kila miezi mitatu, bila viatu, kisigino ukutani. Mtoto anayeanza kuruka sentimita mbili au tatu kwa kipimo kimoja tunajua kasi imeingia, na hapo tunampunguzia mbio na kuruka, kwa sababu magoti huuma wakati huo na miguu humchanganya. Wazazi tunawauliza urefu wao. Kwa mvulana unajumlisha sentimita za baba na za mama, unaongeza 13, unagawa kwa mbili, unapata makisio ya atakapofika akiwa mtu mzima, ambayo yanaweza kukosea kwa sentimita nane au zaidi kila upande. Watoto kadhaa baba hayupo wa kupimwa. Kwa hao tunabaki na ukuta.

Winga wetu alama yake ya Januari ilikuwa sentimita 138. Ya Aprili, 139. Mama yake alikuja kuitazama, akaweka kidole katikati ya mistari miwili, akaniuliza kama hiyo ni kitu. Nikamuuliza babake ana urefu gani. Akainua mkono juu ya mlango wa kontena, akaushikilia pale. Tutampima tena shule zikifungwa Agosti.